Kinanda Masikioni

"We mtoto! Nakuita mara ya tatu!"

Binti hakugeuka. Alikuwa kwenye kigoda anashona vifungo vya sare za shule, spika mbili nyeupe masikioni, waya umezama kwenye mfuko wa aproni. Kichwa kinakwenda juu, chini, juu, chini.

"Kashalogwa huyu," alisema mama yake, fundi cherehani, akasimamisha mashine. "Ile bendi yao ya kinanda."

Jirani aliyekuja kupimwa gauni akacheka. "Ile ya vijana wanne waliokonda kama njiti?"

"Hiyo hiyo! Mmoja anapapasa kinanda kama anatafuta ufunguo gizani. Mwenziwe anaimba kama mgonjwa anayeomba maji. Muziki wenyewe hauchezeki, si wa harusi, si wa msiba. Nikamuuliza, unafuata nini humo? Ati, 'Piano ikianza, mama, ni kama mtu kafunga mlango taratibu, kelele zote zikabaki nje.' Kelele gani? Humu ndani tuko wawili tu!"

Wazazi wenzangu, msikidharau hicho kinanda. Huanza hivyo hivyo: mtoto yupo, na hayupo.

Jumatatu iliyopita simu ya binti ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi alifurahi moyoni, balaa limekwisha. Kulipokucha, waya ule ule masikioni. Simu za siku hizi nazo hazifi!

"Punguza sauti, atakusikia," jirani alinong'ona.

"Asikie nini? Hata nyumba ikiungua yeye atatikisa kichwa." Fundi akavuta kiti karibu. "Tena nikwambie neno, ufe nalo. Huyu sikumzaa mimi. Ni wa marehemu dada yangu, alimwacha bado ananyonya."

"Wee! Na mwenyewe hajui?"

"Ajue ili iweje? Akijua ataniona mtu wa kando, na mimi sina mwingine. Ndiyo maana silali." Akamtazama binti, akabetua mdomo. "Ila kweli, wa tumbo langu asingekuwa zuzu namna hii."

Binti akajichoma sindano. Akanyonya kidole. Kichwa kilikuwa kimetulia.

"Wimbo umekwisha," alisema jirani.

"Au mpiga kinanda kaanguka kwa njaa."

Wakacheka mpaka wakagongeana viganja. Gauni likapimwa, jirani akaenda zake.

Sare zilikuwa zinangojewa. Fundi akamsimamia binti kichwani.

"Toa hayo madude, tufanye kazi!"

Binti akaendelea kushona. Hasira zikampanda fundi. Akaushika waya karibu na shingo, akauvuta kwa nguvu, simu itoke aivunje kabisa.

Waya ukatoka mfukoni wote. Ncha yake ikabaki inaning'inia hewani, haikuchomekwa popote.

Binti akakata uzi kwa meno, akaikunja sare ya mwisho vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Vifungo tayari," alisema, "mama mdogo."