Sato wa Bibi Minza

Tangu samaki wapakwe utando wa mlenda, hakuna sato anayeoza Mwanza. Anakaa kabatini mwaka mzima, mashavu mekundu kama kavuliwa leo. Zamani ukipata sato mkubwa ulimgawia jirani kabla hajaharibika. Sasa umgawie nani, na wa nini?

Bibi Minza, anayeishi peke yake ghorofa ya nne, alimsugua sato wake kwa maji ya moto na chumvi mpaka utando ukatoka wote. Akamkata vipande viwili, akaenda na kimoja kwenye bakuli mlango wa pili, kwa Kwandu.

"Hodi!"

"Karibu. Shikamoo, bibi," Kwandu alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sato wangu utando umetoka, ataoza, na peke yangu simmalizi. Nikasema tumpike, tule wote."

"Maskini, bibi! Lete."

Kwandu aliingia ndani na bakuli. Bibi Minza akavua kandambili, akangoja kukaribishwa.

Kwandu alirudi na bakuli lile lile. Kipande kilikuwa kinang'aa.

"Nimekipaka upya. Na kile kingine nitakuja kukipaka. Hutahangaika tena mpaka mwakani."

"Ahsante, mwanangu," Bibi Minza alisema, huku akizitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu.