Ganda Zito

Ganda la risasi la kumi na tisa ndilo lililokataa. Gaudens aliliweka kwenye mizani mara tatu, na mara tatu mizani ikasema lile lile: zito kuliko wenzake.

"Mara ya nne hii, Mama Heri. Alhamisi nne, sanduku lile lile la Mzee Harrison."

Emérance, ndiye Mama Heri, alisimama penye benchi lake, mikono ndani ya aproni.

Karakana ya Gaudens kule Fridley, ughaibuni, ilitengeneza maganda ya risasi kwa bunduki ambazo hakuna kiwanda kinachozitengenezea risasi. Mwindaji aliyejibunia bunduki yake huleta maganda ya kawaida. Hupitishwa kwenye kalibu, yakabanwa shingo, yakapashwa moto, yakakatwa. Kisha Emérance huyachambua. Lenye ufa hutupwa. Mazima huyapanga kwa uzito, hamsini hamsini, maana zito likichanganyika na mepesi halimdhuru mpigaji, ila hupeleka risasi kando, na kulungu akaenda zake akicheka.

Kuchambua alianza na maharage, nyumbani kwao huko Walungu, kabla hajajua kusoma. Vidole vyake vilitambua ganda zito kabla ya mizani. Kwa miezi minane hakuna mteja mwingine aliyerudisha hata moja.

"Ni Mzee Harrison tu," alisema Dinah, Mkenya wa mashine ya kubana, ambaye mdomo wake haukuwa na mapumziko. "Bosi, jiulize. Watu wote wanapata sanduku safi, yeye peke yake anapata kasoro. Na kila Alhamisi amenyoa, ananukia kama bwana harusi. Huyo hana shida na ganda."

"Dinah, nyamaza," alisema Emérance.

"Ninyamazeje, na wewe umevaa kitenge kipya?"

"Jioni tuna maombi ya wajane."

"Haya. Mwombee na mgane mmoja."

Mgane mwenyewe alikuwa pale pale kaunta, kofia mkononi, akitazama sakafu. Mzee Harrison alikuwa dereva wa basi mstaafu, anakaa peke yake Blaine, mji wa jirani, tangu mkewe alipofariki. Jumamosi msimu wa kulungu ungefunguliwa. Sanduku likishatimia, hangekuwa na la kumrudisha Fridley mpaka mwakani.

Gaudens hakucheka. "Mama, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini watu wanatuletea maganda haya kwa sababu hatukosei. Kuanzia kesho atachambua mtu mwingine, na kazi nyingine hapa sina."

Emérance alifungua kamba za aproni polepole. Kodi ya nyumba, mjukuu wa kulea, vyote vilimpita usoni. "Ni haki, baba," alisema. "Wewe ndiye bosi."

"Ngoja, kijana."

Mzee Harrison alikuwa ameweka kofia juu ya kaunta.

"Usimfukuze mama wa watu. Ni mimi. Nikifika nyumbani natoa ganda moja, natia zito la kwangu. Nilitaka sababu ya kurudi."

Kigelegele cha Dinah kilitikisa madirisha. "Nilisema mimi! Sikusema?"

Gaudens alishika kichwa, kisha kicheko kikamshinda. "Mzee, si ungeomba namba ya simu tu?"

"Kwa umri huu, naanzia wapi?"

"Mama Heri, nisamehe. Funga aproni yako, kazi ni yako." Akaenda kuchemsha chai ya watu wanne.

Emérance alifunga aproni, lakini kamba zilimponyoka vidoleni. Mzee hakuwa amebadilisha ganda lolote. Alhamisi zote nne, zito alikuwa amelitia yeye mwenyewe, ili mzee arudi, akimwomba Mungu mambo mawili: amsamehe, na mzee asijue. La pili, ni wazi, lilikuwa limekataliwa.