Safari ya Kumuaga Baba

Mama alipoingia bila hodi, dada mtu aliikalia ramani.

Ilikuwa ramani kubwa ya bahari, na dada mtu si mwembamba, lakini pembe moja ya buluu ilibaki nje. Mdogo wake akaifunika kwa unyayo. Wakamtazama mama yao kwa nyuso za watoto waliokutwa na sukari mdomoni, ingawa mmoja alikuwa mfamasia mwenye duka lake, na mwingine ndiye aliyetengeneza meno ya bandia ya nusu ya mji.

"Mnapanga nini humu?"

"Rangi ya sebule, mama," akasema mdogo mtu, yule mtengeneza meno.

"Mkiwa mmekaa sakafuni."

"Tunaziangalia kuta kutoka chini."

Mama akachukua miwani yake juu ya kabati, akawaangalia tena kwa hiyo miwani, akaenda zake.

Sasa, kuvuka kwa mashua ya tanga hadi mji wa bandari wa nchi ya pili si jambo la kufichwa. Watu huondoka asubuhi, wakalala huko usiku mmoja, wakarudi na manukato ya bei rahisi. Lakini katika nyumba hii bahari haikutajwa. Baba yao alitweka tanga siku moja kwenda mji huohuo, hakurudi. Mama alipanda meli ya abiria akaenda kumtafuta, akakaa huko wiki nzima. Aliporudi aliwakalisha wanawe kwenye kochi, hajavua hata viatu, akawaambia bahari imemchukua baba yao na habari hiyo imekwisha. Hakutoa chozi. Alitundika pazia zito kwenye dirisha linalotazama maji, akaacha kununua samaki, na mtaa mzima ukamsifu: mjane kijana vile, mzuri vile, na wachumba anawarudisha mlangoni mmoja mmoja.

Mtengeneza meno alikuwa mdogo wakati ule. Sasa alikuwa amefikia umri aliokuwa nao baba yake alipoondoka. Alitaka kumuaga, basi. Alijifunza kuendesha mashua kwa siri, huku akimdanganya mama kwamba anakwenda mazoezini kupunguza tumbo, na mama akishangaa mbona tumbo liko palepale. Hofu yake ilikuwa moja tu. Mama akijua, presha itampanda, nao watamzika mzazi wa pili kwa sababu ya kumlilia wa kwanza.

Kwa hiyo walipanga kwa minong'ono. Dada mtu alishughulikia pasi za kusafiria na dawa za kichefuchefu. Mdogo mtu alikodi mashua na kuulizia upepo. Maua yangenunuliwa asubuhi ya safari, maana maua ndani ya nyumba ile yangezua maswali. Walifikiria kila kitu, masikini, wakasahau kumwambia mwenye mashua afunge mdomo.

Mwenye mashua alikuja mwenyewe Jumamosi, mtu mkarimu, kuleta majaketi ya kuelea. Ndugu hao waliporudi kutoka kazini walimkuta mama sebuleni, na majaketi mawili ya rangi ya chungwa yameketi kwenye kochi kama wageni.

"Mimi na hawa tumeshajuana," akasema mama. "Sasa semeni nyinyi."

Dada mtu alikimbilia kipimo cha presha. Mtengeneza meno akajikaza kiume, akaona potelea mbali.

"Tunakwenda kumuaga baba, mama. Tutatupa maua katikati ya njia."

Mama alishusha pumzi ndefu. Uso wote ukamlegea.

"Katikati ya njia? Hapo sawa. Tupeni hata bustani nzima."

Wakatazamana. Ilikuwa rahisi mno. Dada mtu, ambaye alikuwa akimfunga kipimo mkononi, akapata ujasiri.

"Halafu tutashuka mjini tulale. Tutazunguka pale bandarini, tumuulizie kwa jina lake. Huenda yupo mzee anayemkumbuka."

Namba za kipimo zikaanza kupanda.

"Mshuke mna nini huko?" akauliza mama. "Mji wenyewe mchafu. Nyumba za wageni zimejaa kunguni. Tupeni maua yenu, geuzeni mashua, mrudi mle chakula cha moto."

"Mama, unaogopa tutazama?"

"Maji siyaogopi mimi."

Mtengeneza meno akapiga magoti mbele ya kiti chake. Mtu mzima, ndevu zina mvi, akaushika mkono wa mama yake kama alivyokuwa akiushika zamani wakivuka barabara.

"Mama, mimi nimechoka. Wenzangu wana makaburi ya kufagia. Mimi namlilia mtu nisiyejua hata alikoishia. Niache nikasimame pale alipokuwa anakwenda, nilie nimalize. Nakuomba."

Mama alimtazama mwanawe. Huruma ilimjaa, na hasira nayo ikaja juu yake, na ikawa vigumu kujua anamkasirikia nani. Akakifungua kipimo mwenyewe, akakiweka mezani.

"Kwa jina lake hamtampata," akasema. "Kule wanamwita Baba Mapacha."