Kopo la Kibosile

Maji yalikuwa yamechafuka tena. Kibosile, samaki wa dhahabu aliyeachwa na binti yao siku alipoolewa, alikuwa amelala chini ya tangi, mapezi yamebanana na mwili, anahema kwa shida.

"Umemlisha tena?" fundi cherehani mstaafu akamuuliza mkewe.

"Sijamgusa, mzee wangu."

Fundi alishachoka kubishana. Muuza samaki aliwaeleza vizuri siku ile walipokwenda kumwuliza: mpe kidogo, kile anachokimaliza papo hapo. Kinachobaki kinaoza, na maji yakioza samaki anaugua. Akiugua, mpumzishe kula, umbadilishie maji nusu nusu, tena yaliyolala kwenye ndoo mpaka dawa ya maji ya bomba iishe. Mambo mepesi! Lakini utamwelezaje mtu ambaye akili imeanza kumhama? Uzee nao haupigi hodi.

Alimpenda mkewe, ndiyo maana iliuma. Alimpigia binti simu kwa siri. "Mama yako anasahau, mwanangu. Njoo umchukue ukae naye huko, karibu na hospitali. Mimi nitabaki na samaki."

Binti akasema kwa upole mno, "Sawa, Baba. Nakuja."

Fundi alipokata simu alilia. Tangu waoane hawakuwahi kulala nyumba mbili.

Kopo la chakula akalihamishia mfukoni mwa koti. Akala nalo, akalala nalo. Wapi! Maji yalizidi kuchafuka, na kopo likazidi kuwa jepesi. "Huyu mwanamke ana vidole vya mwizi," akajisemea, hasira na kicheko vikigombana kifuani.

Mkewe hakulalamika. Kila asubuhi alifyonza uchafu wa chini kwa mpira, akamimina maji yaliyolala, akamwinamia Kibosile kumtazama magamba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Chai yako inapoa," alimwambia mumewe.

"Chai gani? Tangu niamke hujanipa chai."

Mkewe akakisogeza kikombe kilichokuwa mbele ya mumewe. Kilikuwa kimebaki nusu.

"Ndiyo kwanza unakileta," fundi akang'aka. Masikini, hata chai imeanza kumpotea, akawaza, akainywa bila kusema zaidi asije akamtia aibu.

Binti alifika mchana. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, kisha akaingia chumbani na begi. Kabati likasikika likifunguliwa.

Fundi hakuwa na moyo wa kwenda kutazama. Akasimama kwenye tangi. Kibosile alikuwa amepanda juu kidogo, anahema kwenye uso wa maji. Akatoa kopo, akamnyunyizia punje chache za kumtia nguvu, akalirudisha mfukoni. Mkewe alikuwa kando yake. Alimwona, akainua ndoo.

"Mama!" binti akaita kutoka chumbani. "Mashati ya Baba niyapange yote?"

"Yote, mwanangu. Ila koti usimvue."

Fundi hakuwasikia. Alikuwa ameyainamia maji, kopo mkononi tena.

"Pole, Kibosile," akasema. "Tangu jana hakuna aliyekukumbuka."