Taa ya Chooni

Siku hizi kila choo cha nyumbani kinapima mkojo, na taa iliyo juu ya mlango inawatangazia wote: kijani, mzima; nyekundu, ana ugonjwa wa zinaa. Vyoo vya umma havina taa. Ndiyo maana Zaituni, tangu alipolala na mtu asiyemjua vizuri kwenye harusi Korogwe, alikuwa akijisaidia sokoni.

Leo alijisemea liwalo na liwe, akaingia cha kwao, mama yake akichambua mchele uani. Alipotoka, taa iliwaka kijani.

“Baba, unaweza kuingia,” alimwambia baba yake, aliyesimama na kopo la maji.

“Nitakwenda cha msikitini.”

Mama akaweka ungo chini.

“Mwezi wa pili huu unakwenda huko, Baba Zaituni. Leo utaingia hapa.”