Mkono wa Kumenyea Figili

Isozaki Wakana alikuwa amejifungia jukwaani na piano ya ukumbi tangu asubuhi. Mlinzi, mzee Kanbe, aligonga mlango tena.

"Dada, mafundi wa taa wamechoka kusubiri! Na lile sanduku ulilolishusha kwenye lori la kiwanda chenu, refu namna ile, kila mtu ananiuliza mimi. Umetuletea maiti?"

"Maiti sina, mzee Kanbe. Ila leo nimekuja kumzika mtu."

"Basi mzike upesi. Chakula changu kinapoa."

Wakana alipofungua mlango hatimaye, kifuniko cha piano kilikuwa kimeshuka na kutiwa kufuli. Akakataza mtu yeyote asikiguse.

"Hiyo ni piano ya ukumbi," Kanbe alimkumbusha.

"Kesho ni yenu. Leo ni yangu."

Alipokuwa msichana, Profesa Tokunaga wa Tokyo alimfukuza katika darasa lake. Profesa alikuwa na desturi moja. Kila mwanafunzi mpya aliuweka mkono juu ya vibonye vya piano na kuunyoosha, naye Profesa akahesabu noti alizozifikia kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Wavulana walifika kumi. Wakana alifika nane, kwa maumivu.

"Huu mkono wa kumenyea figili," Profesa aliliambia darasa, na darasa likacheka.

"Nipe sonata yoyote, Mwalimu," Wakana alijibu. "Nitaipiga."

Profesa alimpa iliyo ngumu kuliko zote. Mkono ulimkakamaa kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

"Piano ni ileile dunia nzima, binti," Profesa alisema. "Haimpunguzii mtu kipimo. Mkono ndio unaotii."

Wakana hakulia. Alirudi kwao Hamamatsu, akaajiriwa katika kiwanda cha piano, kazi ya kupiga randa mbao. Habari hizo zilipomfikia Profesa, aliwachekesha nazo walimu wenzake: "Angalau bado yuko karibu na piano."

Sasa sonata ileile ilikuwa imeandikwa kwenye matangazo ya mji mzima, chini ya jina la Wakana. Meneja wa ukumbi alikuwa amemweleza waziwazi: akishindwa, asirudi kuomba jukwaa tena.

Jioni, Profesa alifika katika chumba cha wasanii akiwa na kisanduku cha keki za maharage, kilichofungwa vizuri kama adabu inavyotaka. Aliutazama mkono wa mwanafunzi wake wa zamani.

"Haujakua."

"Haujakua, Mwalimu. Asante kwa keki."

"Singizia homa. Nani atajua? Mimi sitasema."

"Wewe kaa safu ya mbele."

Wakana aliingia jukwaani, akainama mbele ya watu, akafungua kufuli, akaketi. Kisha akapiga. Ile miruko ya vidole iliyomkakamaza mkono zamani ilitoka mizito na safi, mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Noti ya mwisho ilipozimika, ukumbi mzima ulisimama.

Profesa alikuwa wa kwanza kupanda jukwaani, shada la maua mkononi.

"Nilimwambia!" aliwatangazia watu. "Mkono ndio unaotii! Ukali wangu ndio uliomfikisha hapa!"

Wakana aliinama chini kabisa, kisha akamsogezea kiti.

"Basi Mwalimu atupigie ule ukurasa wa kwanza. Ule alionifukuzia."

Makofi yakavuma. Profesa hakuwa na pa kutokea. Aliketi, akafumba macho, kwa maana siku zote alifundisha kwamba mpigaji wa kweli hatazami vibonye. Akainua mikono yake mipana na kuishusha kwa nguvu kwenye sonata aliyokuwa ameipiga maisha yake yote.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kabati la vyombo lililoanguka. Mtu mmoja akacheka kule nyuma. Profesa akaanza upya, na kila kidole kikatua juu ya noti ya jirani.

Ndipo alipofumbua macho na kutazama chini. Vibonye vyote vilikuwepo, hata kimoja hakikukosekana. Lakini kila kimoja kilikuwa chembamba kuliko kawaida, na kila upande, pale vilipoishia, palikuwa na nafasi iliyozibwa kwa kipande cha mbao nyeusi, upana wa vidole vinne, kilichopigwa randa kwa ustadi mkubwa.

"Pole, Mwalimu," Wakana alisema. "Mkono wako ni mkubwa mno."