Skrubu Iliyokataa Sumaku

Sumaku ilikataa kuishika.

Fundi Muharami aliipitisha tena juu ya ile skrubu, huku na huku, lakini skrubu ikabaki imelala mezani kama si yenyewe inayosemeshwa. Miaka kumi na minane alikuwa akifungua na kufunga chenso, misumeno ya injini, pale Nyololo. Hakuwahi kukutana na skrubu jeuri namna hii.

"Usinifiche, baba," alisema Devota, mama yake Ombeni, aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kama ni ya chenso ya mwanangu, sema tu."

Alikuwa ameitoa kwenye fundo la kitenge chake. Wiki tatu nyuma moto ulipita kwenye shamba la miti, ukateketeza kambi ya wapasua mbao pamoja na lundo la maranda, likawaka siku nne. Kambini walikuwa wakilala wanaume wanne, Ombeni mmoja wao. Waliokwenda kuokota walichota majivu kwa beleshi, wakayazika kaburi moja, na walipoulizwa ni ya watu wangapi, walijibu kwamba majivu hayahesabiki. Chenso zilizookotwa zilikuwa tatu, zimeyeyuka mabonge, na kila moja ilijulikana mwenyewe. Ya Ombeni haikuonekana.

"Ombeni na chenso yake ni mtu na kivuli chake," Devota alisema. "Analala nayo. Kama yenyewe haikuwepo, na yeye hakuwepo. Tena kuna dereva anasema alimwona Uyole, anapanda lori."

Lakini moyo wa mzazi haulali. Kabla mvua haijaanza alirudi kambini na ungo, akapepeta majivu yaliyobaki pale walipokuwa wakilala, siku tatu. Akapata hiyo skrubu moja. Sasa Jumapili mchungaji anasimika msalaba wenye majina. Matatu yameshaandikwa. La nne lilikuwa likimsubiri yeye.

Muharami alimwonea huruma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa na wawili. Tena chenso ya Ombeni aliiunda kwa mikono yake, hakuna bolti ndani yake asiyoijua. Akateremsha nyingine ya aina ileile, akaanza kuifungua.

"Hizi nati mbili kubwa ndizo zinazobana kifuniko cha mnyororo," alisema, akiziweka mbele ya mama. "Siyo. Hizi bolti za ekzosi ni fupi, tena sumaku inazishika. Siyo."

Akafika kwenye skrubu za mpini. Hizo zina meno marefu yaliyoachana, kwa sababu kazi yake ni kung'ata plastiki. Na ile ya Devota ilikuwa na meno ya namna hiyohiyo.

Devota aliona mkono wa fundi umesimama. Akaushika ukingo wa meza.

Upepo wa Mufindi ulipenya dirishani, ukampata Muharami kwenye paja, pale panapomsumbua kila baridi ikizidi. Mganga hajigangi: fundi wa chenso zote hizo alikuwa ameshindwa kununua kioo cha dirisha lake, kaziba kwa kipande cha plastiki nyeusi tangu mwezi wa sita. Alilisugua paja, akainama tena. Kichwa cha skrubu ya mpini kilikuwa na tundu la nyota. Hiki cha Devota kilikuwa cha mviringo kama kifungo, na tundu lake lilikuwa la pembe sita. Alijaribu kuiingiza kwenye mpini. Haikuingia. Halafu, chuma cha chenso kikipita motoni hutoka cheusi, na unyevu kidogo ukikigusa kinashika kutu. Hii aliifuta kwa kitambaa tu, ikang'aa kama kijiko kipya.

"Wanasema asingeweza kuukimbia moto kwa mguu ule," Devota alikuwa akisema, maneno yakimtoka mbiombio kwa woga. "Hawamjui mwanangu. Mwaka juzi gogo lilimvunja paja, hospitali wakampasua, wakamuunga. Baada ya miezi mitatu tu alikuwa amesharudi msituni."

"Mama," Muharami alimkatiza. "Hii si ya chenso. Si ya Ombeni, wala si ya chenso yoyote niliyowahi kuishika. Wallahi."

"Ya nini basi?"

"Sijui. Redio, kitanda... Kambini watu wana vitu vingi."

Devota alilia kwanza. Kisha akacheka, kisha akapiga vigelegele hadi mama wa chipsi ng'ambo ya barabara akatoka na mwiko mkononi. Palepale alimpigia simu mchungaji: jina la Ombeni lisiandikwe, mwanawe yuko hai, fundi amethibitisha. Alimbariki Muharami, akambariki na mkewe asiyemjua. Skrubu aliiacha mezani. "Kaa nayo wewe, baba, mwenye mapenzi na vyuma," alisema, akapanda bodaboda kwenda kupika, maana mtoto anaweza kurudi siku yoyote na njaa yake.

Muharami alishinda na furaha. Kwa siku kadhaa hakuwa amesikia habari njema kuhusu moto ule.

Jioni jua lilishuka likalingana na dirisha. Aliinuka, skrubu mkononi, aitupe kwenye kopo la vyuma visivyo na kwao. Mwanga ulikuwa ukipenya kwenye ile plastiki nyeusi, picha yake ya eksirei ya mwaka ule bodaboda ilipomtupa mtaroni, aliyoitundika pale kuzuia upepo na tangu hapo hajaitazama.

Aliitazama sasa. Ndani ya mfupa mweupe wa paja lake zilikuwa zimejipanga skrubu nane alizofungwa hospitali, zenye meno marefu yaliyoachana na vichwa vya mviringo kama kifungo.